Mashine ndogo ya kukereza chuma nyumbani: nianze kuiongezea nini?

MwlFizikia_Nkuhungu

Habari za leo wakuu, na wazee wote shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nyuma ya nyumba nina chumba cha tofali za kuchoma nilichokifanya karakana, na humo nimeweka mashine ndogo ya kukereza chuma, zile za Kichina wanazoziita 7x14. Kwa wasiozijua: juu ya bedi, yaani reli ndefu za chini, inazungusha kazi (kipande kinachokerezwa) ya kipenyo hadi milimita 180 hivi, na kutoka senta hadi senta, zile ncha mbili zinazoshikilia kazi, ni kama milimita 350. Chaki iliyokuja nayo, kile kishikio cha kazi, ni ya taya tatu, milimita 80. Tundu la spindeli, ule mhimili unaozungusha chaki, ni la koni ya saizi MT3, na la teilistoki, kile kichwa cha upande wa pili, ni MT2.

Ninachotaka kutengeneza ni injini ndogo ya mvuke ya kuonyesha darasani, ile yenye silinda inayoyumba ili kufungua na kufunga njia ya mvuke yenyewe, kipenyo cha ndani milimita 12. Wanafunzi wangu wanasoma joto na kazi kwa kuchorewa ubaoni tu. Nataka waone kwa macho yao mvuke ukisukuma pistoni na gurudumu likizunguka. Shaba ya njano naipata kwa wauza vyuma chakavu, kwenye koki na vali kuukuu.

Shida ni hii. Shaba inakatika vizuri, lakini nikiingia kwenye chuma mashine inatetemeka na uso unabaki na mawimbi. Nikitumia kisu chembamba cha kutenganisha kipande ndiyo kabisa, inalia hadi majirani wanasikia.

Nina akiba kidogo na nimekuwa nikiangalia vifaa: kishika kisu cha kubadilisha haraka, seti ya koleti ER32 (vishikio vya fito za mviringo), beringi za koni badala ya hizi za gololi, chaki kubwa ya milimita 100, na vipimo vya kidijitali vya kufunga kwenye slaidi zinazosogeza kisu. Vyote kwa pamoja siviwezi. Nianze na kipi?

Naomba kuwasilisha.

---

Chuma_Area_D

Mwalimu, kishika kisu cha kubadilisha haraka, wala usiumize kichwa. Hicho cha sasa cha kufungia visu vinne kinakulazimisha kutafuta vipande vya bati vya kuinulia kisu hadi kifike katikati, na kila ukibadilisha kisu unaanza upya. Ukiwa na hiki kingine unapandisha kwa skrubu, unafunga, umemaliza. Agiza saizi ndogo kabisa, 0XA. Inayofuata, AXA, ni nene mno kwa mashine yako, visu vinene vitapita juu ya senta.

---

FundiTana_Kizota

Mwalimu, marahaba. Mimi nimekereza chuma maisha yangu yote ya kazi, sasa niko Kizota na mashine kubwa, lakini nyumbani ninayo ndogo kama yako na ninaipenda kuliko ile kubwa. Kwa hiyo nisikilize vizuri: usinunue chochote bado. Katika orodha yako hakuna hata kimoja kitakachoondoa huo mtetemo, maana mtetemo unatoka kwenye vitu vilivyolegea, na vifaa vipya utavifunga juu ya vitu hivyohivyo vilivyolegea.

Anzia chini ya kareji, ile sehemu inayotembea juu ya bedi ikiwa imebeba kisu. Ingiza mkono chini ya bedi, utakuta bamba mbili za chuma, moja mbele na moja nyuma, ndizo zinazozuia kareji isinyanyuke. Sasa shika kareji kwa mikono miwili uinyanyue na kuiyumbisha. Ukisikia hata mchezo mdogo, umempata mchawi. Kisu kikiuma chuma, kareji inanyanyuka, inarudi, inanyanyuka tena, mara nyingi kwa sekunde, na hayo ndiyo mawimbi yako.

Kwenye bamba hizo kuna boliti za kufunga na kuna skrubu ndogo za kusukuma. Kiwandani wameweka zote mbili ili zipingane, na ukikaza hii ile inalegea. Toa skrubu za kusukuma kabisa. Chukua bamba, weka msasa laini juu ya kioo, sugua upande unaogusa bedi mpaka ung'ae wote sawasawa. Halafu kata vipande vya kopo la soda, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, uvipachike kati ya bamba na kareji pale boliti zinapopita. Ukuta wa kopo la soda ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na karatasi ya daftari inakaribia hapohapo. Ongeza au punguza mpaka kareji iteleze kwa uzito uleule kutoka mwanzo wa bedi hadi mwisho, bila kunyanyuka hata ukiibinua kwa bisibisi. Ni kazi ya subira. Ikikwama sehemu moja ya bedi na kulegea nyingine, iache ipite pale inapokwama, usilazimishe.

Ukitoka hapo kaza skrubu za pembeni za slaidi ya chini na ya juu. Kaza moja moja huku unazungusha mpini, usikie kwa kidole uzito unavyobadilika.

Sasa jambo ambalo watu wa mashine ndogo wengi hawalifanyi, na mimi ningelifanya kabla ya kugusa hela: ondoa slaidi ya juu. Hiyo slaidi ndogo inayozunguka kwa digrii ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika mashine hii. Mahali pake weka kitalu cha chuma kizima chenye kimo kilekile, kifunge kwenye slaidi ya chini kwa boliti nne, na kishika kisu kikae juu yake. Nondo ya mraba au kipande kinene cha chuma chakavu kinatosha, kiwe bapa tu juu na chini. Tofauti ni ya usiku na mchana, mwalimu. Kisu cha kutenganisha ulichosema kinalia, kitakata.

Na kwa hicho kisu chembamba: kazi itokeze kidogo kwenye chaki, ukate karibu kabisa na taya, ncha iwe katikati ya senta barabara, kareji uifunge isitembee, na upunguze spidi lakini usiogope kusukuma. Watu wanagusagusa kwa woga, na kisu kikisugua bila kuuma ndipo kinapolia.

Spidi nayo. Kwa chuma cha kawaida na kisu cha chuma kigumu cha kunoa mwenyewe, mimi hushika mita 25 kwa dakika, yaani mwendo wa uso wa kazi ukipita kwenye kisu. Kazi ya milimita 20 hapo ni mizunguko kama 400 kwa dakika. Shaba ya njano unaweza kuzidisha mara mbili na zaidi.

---

Binti_Alizeti_Singida

Shikamoo fundi. Nakubaliana na wewe karibu yote, lakini hicho kitalu kina gharama yake ambayo mwalimu aijue. Bila slaidi ya juu huwezi kukereza koni fupi kwa kuipindua digrii. Mimi nakereza bushi na shafti ndogo za mashine za kukamua alizeti, na koni ninazihitaji mara kwa mara. Kwa hiyo mwalimu, ukitengeneza kitalu, slaidi yako itunze ndani ya kitambaa chenye oili, boliti zake pamoja, uweze kuirudisha.

Halafu kwenye orodha yako hujaandika kifaa unachokihitaji kweli kwa injini hiyo: chaki ya taya nne, ile ambayo kila taya inasogea peke yake. Silinda inayoyumba ina uso mmoja bapa unaosugua kwenye kitako, ndipo matundu ya mvuke yalipo, na tundu la pistoni halipiti katikati ya kipande. Taya tatu itakushikia wapi kipande kama hicho? Kwenye taya nne unakishika hata kikiwa cha mraba, unasogeza taya mpaka alama yako izunguke bila kuyumba, unatoboa. Pini ya kranki kwenye gurudumu vilevile. Koleti ER32 ni nzuri, inashika fito za mviringo hadi milimita 20 bila kuziumiza, ila wewe huna foleni ya kazi zinazofanana. Iache kwanza.

Na shaba ya njano ina tabia ya kuvuta biti ya drili kama mtoto anavyovuta kamba. Kabla ya kutoboa hizo milimita 12, pitisha jiwe dogo la kunolea kwenye makali mawili ya biti, bapa, kiasi cha upana wa uzi tu, ili makali yakwangue badala ya kuchimba. Kisu pia, juu kiwe bapa kisiwe na mteremko. Tundu toboa kwa milimita 11.5 kisha malizia kwa rima ya 12, kile kifaa cha kulifikisha tundu kwenye kipimo kamili; usimalizie kwa biti, pistoni itavujisha.

---

Umeme_Mpwapwa

Mbukwenyi wakubwa. Mimi sikerezi, ila mota na bodi za hizi mashine nimezifungua nyingi, basi niongezee upande wangu.

Angalia kama swichi yako ni ile inayoachia yenyewe umeme ukikatika. Kama si hiyo, ndicho kifaa cha kwanza kununua, kabla ya vyote vilivyotajwa. Umeme ukikatika ukiwa unapima kazi kwenye chaki, ukirudi mashine isiwashe mpaka wewe ubonyeze. Kuna nyingi zinakuja bila swichi hiyo.

Bodi ya kudhibiti spidi iko kwenye kisanduku cha mbele au nyuma ya mota, na ina matundu ya hewa. Chenga za chuma zikiingia humo bodi inakwenda. Weka wavu mwembamba kwenye matundu, usizibe, inahitaji kupumua.

Na waya wa ardhi, mwalimu. Udongo wetu huku kati unakauka kabisa baada ya mvua kuisha Aprili, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ardhi iliyopimwa Februari na ikawa nzuri, Oktoba inaweza isiwe nzuri. Mwite fundi aipime wakati wa kiangazi, na ikibidi aongeze fimbo ya pili na kuzipigia chini zaidi. Unafanya kazi na chuma mkononi, hilo lisisubiri.

---

FundiTana_Kizota

Binti wa Singida, marahaba, umesema la maana kuhusu taya nne, nami naliunga mkono. Mwalimu, pesa ya kwanza iende kwenye swichi, ya pili kwenye taya nne.

Niongeze la vumbi, kwa kuwa uko Nkuhungu. Upepo wa kiangazi unaleta mchanga mwekundu laini unaopita hata kwenye mlango uliofungwa, na mchanga ukichanganyika na oili juu ya reli za bedi ni dawa ya kusagia chuma. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, vifunge mbele na nyuma ya kareji vikigusa reli, vifute kila inapotembea, na nyuma ya kila mpira weka kipande cha sufi kilicholowa oili. Ukimaliza kazi, brashi kwanza, kitambaa baadaye, halafu oili mpya na shuka nzito juu yake. Pampu ya upepo usiilete karibu kamwe, inasukuma mchanga ndani ya slaidi.

---

MwlFizikia_Nkuhungu

Wakuu, asanteni sana, Mungu awabariki. Nimefanya bamba za chini kama fundi alivyoelekeza. Ile ya nyuma ilikuwa inagusa bedi pembe moja tu, msasa ulionyesha wazi: kona inang'aa, kwingine kote nyeusi. Sasa chuma cha milimita 20 kinatoka laini, mawimbi yamebaki kwa mbali sana. Kitalu nimeshapata chuma chake kwa wa vyuma chakavu. Swichi yangu si ya kuachia, naibadilisha wiki hii kabla sijawasha tena.

Maswali mawili. Nikikereza fito kati ya senta mbili, upande wa teilistoki unatoka mnene kidogo kuliko upande wa chaki. Na beringi za koni, bado kuna haja?

---

FundiTana_Kizota

Upande wa teilistoki ukiwa mnene, maana yake teilistoki imekaa mbali na kisu. Isogeze upande wako wewe unayesimama. Chukua fito, acha mabega mawili yaliyoinuka, moja huku na moja kule, yakereze yote kwa kisu kilekile bila kugusa mpini wa slaidi, kisha pima. Tofauti ya vipenyo igawe kwa mbili, hicho ndicho kiasi cha kusogeza. Legeza boliti zinazoshika mwili wa teilistoki kwenye kitako chake, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira, kaza, kereza tena. Kabla ya hapo hakikisha meza yako haiyumbi na bedi haijapindwa na boliti za miguu, la sivyo utakuwa unasahihisha kitu kingine.

Beringi ziache mpaka upime. Shika fito nene kwenye chaki, weka saa ya kupimia juu yake karibu na taya, inua kwa mti. Mshale ukisogea kidogo sana na kurudi, hizo beringi bado nzuri. Ukija kubadilisha, soma namba kwenye beringi yenyewe. Nyingi za saizi hii zina 6206, milimita 30 kwa 62, unene 16. Ya koni, 30206, ina unene 17.25, kwa hiyo vipande vya kutenganisha kwenye spindeli lazima vipunguzwe, na hiyo ni kazi ya kukereza ambayo mashine yenyewe ikiwa imefunguliwa haiwezi kujifanyia. Ikifika siku hiyo vilete Kizota na vipimo vyako, nitavipunguza hapa. Na hicho kitalu nacho, kama huna pa kukisawazisha juu na chini, njoo nacho Jumamosi asubuhi.

---

MwlFizikia_Nkuhungu

Nakuja nacho Jumamosi, mzee wangu. Nitakuja pia na ile silinda niliyochora, uniangalizie matundu ya mvuke kabla sijayatoboa.