Ngoma za asili za Ufilipino: zipi ni za tambiko na zipi ni za uchumba?

Mpenda Ngoma:
Ndugu zangu, naandaa somo kuhusu ngoma za makabila ya asili ya Ufilipino, na mara nyingi nakuta za tambiko zimechanganywa na za uchumba kana kwamba ni kitu kimoja. Naomba mnieleweshe tofauti yake, na kama inafaa kuwafundisha wanafunzi kuzicheza jukwaani.

Bin Saidi:
Kwa uchumba, anza na Salidsid ya Wakalinga, wanaoishi milimani kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Patu bapa ziitwazo gangsa zikilia, mwanamume mwenye kitambaa mikononi humzunguka mwanamke akiiga jogoo anayemtaka tetea, na uzuri wote umo katika namna wawili hao wanavyosogeleana na kukwepana. Kwenye kisiwa cha Panay ipo Binanog, inayoiga mwewe. Hizi wafundishe bila wasiwasi.

Mama Zuhura:
Nakubaliana na Bin Saidi, ila tambiko ni jambo jingine kabisa. Chukua Buklog ya Wasubanen wa rasi ya Zamboanga, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2019 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Hufanywa kushukuru kwa mavuno, kupona maradhi au kupata kiongozi mpya, na kabla ya yote mizimu huombwa ruhusa. Wachezaji hupanda jukwaa la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, wakakanyaga kwa pamoja hadi sakafu inabonyea na kurudi, na kila inapobonyea mchi mrefu wa katikati hutwanga gogo lenye uwazi lililolazwa chini. Mngurumo huo ndio unaoaminiwa kuifurahisha mizimu. Sasa, ukiwaondolea jukwaa, gogo na shukrani yenyewe, wanafunzi watabaki na nini cha kucheza?

Mpenda Ngoma:
Lakini kundi la Bayanihan la Manila, lililoanzishwa mwaka 1957, limezipeleka ngoma za makabila haya katika majukwaa ya nchi nyingi. Je, walikosea?

Mama Zuhura:
Walizitangaza, na hilo nawashukuru, lakini mtazamaji anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba anachokiona kimetengenezwa upya kwa ajili ya jukwaa. Kwa darasa lako, wacheze Salidsid. Buklog wasimulie jinsi inavyojengwa na kwa nini inafanywa, kisha waonyeshe picha za video za Wasubanen wenyewe.