Chai ya rangi au kahawa chungu: ladha na hela, mnaonaje?

Fundi Saa
Wakuu, heshima kwenu. Natengeneza saa na redio, nashinda kibandani Mwananyamala. Asubuhi natoka nyumbani na chupa ya chai ya rangi yenye tangawizi. Sasa kuna kijana anapita na kahawa chungu, kikombe 200, mafunda mawili matatu umemaliza. Ladha yake siikatai. Ila nikifika cha tatu mkono unatetemeka, na hapo nimeshika skrubu ya saa ya kike! Mama watoto anasema kahawa inanimalizia hela. Mimi nasema chupa nayo si bure. Nani ana hesabu?

Mzee wa Dele
Mdogo wangu, dele, lile birika la kahawa, nimelibeba Kariakoo mpaka magoti yakagoma. Kahawa ya kijiweni mara nyingi ni robusta ya Bukoba, kali na nzito. Arabika ya Kilimanjaro ina uchachu fulani, wateja wangu waliiita kahawa ya wagonjwa. Buni inakaangwa kwenye karai, unakoroga bila kupumzisha mkono. Ukizembea kidogo umepata mkaa. Muuzaji mwenye tamaa haumwagi, anauficha kwa tangawizi. Ukisikia koo linawaka lakini harufu ya kahawa huipati, umeshapigwa.

Hesabu sasa. Kikombe cha chai kinataka gramu 2 hivi za majani, kwa hiyo kilo inatoa vikombe kama 500. Kikombe kikubwa cha kahawa kinakula gramu 10, kilo inaishia 100. Unadhani kwa nini vikombe vyetu ni vidogo? Lakini kwenye chai majani si kitu, kinachokula hela ni sukari. Vijiko viwili vya kujaa ni gramu 15 au zaidi; kilo ikiwa 3,000, hapo kuna shilingi 45, wakati majani ya pakiti ya kawaida hata 30 hayafiki. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipovuka 4,000, wenye dele hawakupandisha sauti. Kahawa chungu haidai sukari.

Mama Salma
Wanaume bwana! Kashata mmeiweka wapi kwenye hiyo hesabu? Sijaona mtu anywe kahawa chungu mdomo mtupu. Halafu anakaa kwenye bao, kimoja kinaita kingine.
Na wewe Fundi, mwambie shemeji asichemshe majani mpaka chai iwe nyeusi tii. Inakuwa na ukakasi, mnaufukuza kwa sukari. Achemshe maji na tangawizi, aepue, atie majani, afunike dakika tatu nne, achuje ndipo ajaze chupa. Majani yakibaki ndani, mchana hainyweki.

Wa Muleba
Kwetu Kagera buni zinachemshwa na majani ya kunukia, zinaanikwa, tunatafuna. Hakuna kikombe wala sukari. Mkono wa fundi utatetemeka vilevile, hahaha.

Fundi Saa
Mama Salma, ujumbe umefika, na shemeji yako kacheka. Mzee, huyu kijana wangu tangawizi anaweka kwa koleo, nimemjua leo. Buni mbichi napata wapi nikaange mwenyewe? Lazima kilo nzima?

Mzee wa Dele
Nenda sokoni kwa wauza viungo, hata robo wanakupimia. Ila karai la maandazi usiliguse. Harufu haitoki, na hapo mama watoto utamkoma.