Kocha wa chuo kapewa San Francisco Giants msimu wa 2026: mnaonaje? Na mechi tunazifuataje huku Tabora?

MwalimuWaIpuli (Tabora):

Habari za jioni wote.

Nafundisha sekondari hapa Tabora mjini, upande wa Ipuli, na jioni nasimamia watoto wanaocheza besiboli. Tuna gongo moja la aluminiamu tuliloachiwa na Mjapani wa kujitolea alipomaliza muda wake, na mengine mawili fundi seremala alituchongea kwa mninga. Mazoezini tunatumia mipira ya tenisi. Ile ya ngozi inatoka kabatini siku ya mechi tu, maana ukichanika mmoja sijui duka la hapa mjini la kununua mwingine. Glovu hazitoshi, kwa hiyo timu inayokwenda kupiga inawaachia glovu wale wanaoingia kudaka.

Mwaka huu nataka watoto wafuate timu moja ya kulipwa kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho, waandike matokeo ubaoni, wajadili kocha kafanya nini na kwa nini. Wakati natafuta timu ya kuwachagulia nikakutana na habari ya San Francisco Giants, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na tangu hapo sijatulia. Wamemwondoa Bob Melvin, wakamchukua Tony Vitello kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee. Huyu bwana hajawahi kucheza besiboli ya kulipwa, wala kuifundisha. Alikuwa anafundisha wanafunzi, akawapa ubingwa wa vyuo mwaka 2024, sasa yuko ligi kuu. Kabla yake hakuna kocha wa chuo aliyevuka moja kwa moja namna hiyo.

Naomba mnielewe. Huku kwetu mwalimu wa michezo ni mtu wa kupuliza filimbi na kubeba madumu ya maji. Mtoto akionekana ana kipaji anachukuliwa na watu wa mjini, na wewe uliyemfundisha kushika mpira hata simu hupigiwi. Nikisikia mwalimu wa wanafunzi kakabidhiwa timu kubwa kama ile, nafurahi kama kapewa ndugu yangu. Ila sitaki kuwafungisha watoto msimu mzima kwa sababu ya furaha yangu tu.

Kwa hiyo nauliza: Giants wamefanya la maana, au wanabahatisha? Na mechi zinaangukia saa ngapi kwetu? Bando natoa mfukoni.

DogoWaMwanga (Kigoma):

Shikamoo mwalimu. Mimi nijibu la saa, hilo la kocha nawaachia wakubwa.

Msimu unafunguliwa Jumatano usiku tarehe 25 Machi, na wanaofungua ni hao hao Giants, wanawakaribisha New York Yankees. Kwetu itakuwa saa 9 usiku wa kuamkia Alhamisi. Timu nyingine nyingi zinaanza Alhamisi yenyewe. Mechi 162 kila timu, nusu nyumbani nusu ugenini, hadi tarehe 27 Septemba.

Shida ya Giants ni kwamba wako California. Mechi yao ya usiku nyumbani inaanza kwetu kama saa 11 kasoro robo alfajiri. Wakicheza mchana nyumbani ni saa 5 usiku. Wakisafiri kwenda miji ya mashariki ndiyo nafuu, hasa Jumapili, maana mechi nyingi za Jumapili kule huchezwa mchana na kwetu inakuwa saa 2 au saa 2 na nusu usiku. Watoto wa bweni wanaweza kuangalia awamu mbili tatu kabla ya kulala.

Kwa mechi za alfajiri tumia bando la usiku. Au subiri asubuhi, chaneli ya ligi kule YouTube huwa inaweka muhtasari wa dakika chache wa kila mechi. Mimi ndivyo ninavyofanya kabla sijashuka Kibirizi kwenye shughuli zangu.

BabaZuhura_Ujiji (Kigoma):

Mwalimu, pole na kazi. Usiitazame Giants peke yake, maana safari hii mabenchi yamepinduliwa kwingi. Kati ya timu 30, si chini ya nane zinaanza na kocha mkuu mpya. Texas Rangers wameachana na Bruce Bochy, aliyewapa ubingwa 2023, wakampandisha Skip Schumaker. Atlanta, Brian Snitker kastaafu ukocha na Walt Weiss aliyekuwa msaidizi wake kashika. Minnesota wamemchukua Derek Shelton, ambaye Pittsburgh walimfukuza Mei 2025. Baltimore wana Craig Albernaz. Washington ndio wamenishangaza zaidi: Blake Butera, miaka 33, kijana ambaye baadhi ya makocha atakaowaongoza wanaweza kumwita mwanangu.

Halafu angalia hawa wawili. Angels wamempa timu Kurt Suzuki, San Diego wamempa Craig Stammen. Wote walikuwa wachezaji wa ligi hiyo hiyo, na wote hawajawahi kuwa kocha mkuu popote. Kwa hiyo Vitello si mgeni peke yake kwenye msafara. Tena yeye kaongoza timu Tennessee kwa miaka minane hivi, kasajili vijana, kapanga warushaji, kafukuzwa uwanjani na marefa. Ukiniuliza nani kati ya hao watatu kazoea kufanya uamuzi kocha anapobaki peke yake, nitakujibu ni huyo mwalimu wako.

Kuna jambo watu wengi huku hawalioni kwa sababu tumezoea soka. Kule kocha mkuu hanunui mchezaji. Juu yake yupo mkuu wa shughuli za besiboli, huyo ndiye anayesajili, anayeuza, na ndiye anayemwajiri kocha. Giants nafasi hiyo anayo Buster Posey, mdakaji wao wa zamani, aliyebeba ubingwa wa 2010, 2012 na 2014 hapo hapo San Francisco. Na kocha wake miaka yote hiyo mitatu alikuwa nani? Bruce Bochy, ambaye alipotoka Texas Posey kamrudisha kuwa mshauri. Kwa hiyo Vitello ana mzee wa kumuuliza mlango wa pili tu.

Sasa kwa nini wamethubutu? Mwaka jana Giants walishinda mechi 81, wakafungwa 81. Baada ya 2016 wamefika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2021. Timu ya namna hiyo haifi wala haiponi, na Posey kaona bora atafute mtu wa kuwasha moto.

Waambie watoto pia kuhusu jambo jipya la mwaka huu. Refa akitamka kwamba mpira umepita ndani au nje ya eneo la kupiga, mchezaji anaweza kupinga na mitambo ikaamua papo hapo. Kila timu ina nafasi mbili, ukipinga kwa haki nafasi yako inabaki. Wanaoruhusiwa kupinga ni mrushaji, mdakaji na mpigaji tu, anagusa kofia yake basi. Kocha benchini haruhusiwi hata kunong'ona. Kwa hiyo kocha wa 2026 lazima awe kafundisha mapema, mazoezini, nani aamini macho yake na wakati gani. Hiyo ni kazi ya darasani kabisa, ndiyo maana mimi simhofii mtu wa shule.

KakaWaKanyenye (Tabora):

Dada mwalimu, naheshimu alichosema Baba Zuhura lakini mimi naona wanabahatisha.

Chuo wanacheza mechi 56 hivi kabla ya mashindano ya mwisho, nyingi Ijumaa hadi Jumapili, na moja katikati ya wiki. Wiki nzima kocha ana muda wa kukaa na kijana wake na kumrekebisha mkono. Ligi kuu ni mechi 162 ndani ya siku 187. Unacheza usiku, unapanda ndege, kesho unacheza tena. Ukifungwa nne mfululizo huna Jumatatu wala Jumanne ya kuwakusanya watu. Na wachezaji si wanafunzi wanaoogopa kukosa namba, ni watu wazima wenye mikataba mikubwa kuliko ya kocha. Sauti ya kupandisha morali inayofanya kazi Aprili, Agosti hawaisikii tena.

Kama lengo ni watoto kuangalia, kwa nini usiwape Japani? Ligi yao inaanza tarehe 27 Machi, timu 12, mechi 143. Japani wako mbele yetu saa 6. Mechi ya saa 12 jioni kwao ni saa 6 mchana kwetu, na zile za Jumamosi mchana zinaangukia saa 2 asubuhi. Hakuna mtu kukesha. Kule nako mabenchi yamebadilika: Yakult wamempa Takahiro Ikeyama, Lotte wamempa Saburo, DeNA wamempa Ryoji Aikawa. Na gongo lenu si limetoka kwa Mjapani?

MwalimuWaIpuli (Tabora):

@DogoWaMwanga marahaba mwanangu, hayo masaa nimeshayabandika kwenye mlango wa ofisi.

@KakaWaKanyenye hoja ya mechi 162 imenigusa, na Jumamosi saa 2 asubuhi ni kweli inatufaa, tutaangalia Japani siku hizo. Lakini tazama uliowataja. Ikeyama alikuwa nyota wa Yakult, Saburo alikuwa nyota wa Lotte. Kule mara nyingi timu anapewa aliyeichezea. Mimi nina binti wa kidato cha tatu anayepanga uwanja vizuri kuliko mimi, anajua nani asogee wapi kabla mpigaji hajasimama, ila mbio hana na mkono wake ni dhaifu. Hatacheza popote. Nataka aone kwamba mtu asiyecheza ligi kuu anaweza kuiongoza. Kwa hilo tu, ubaoni zinakaa Giants. Wakifungwa watajifunza kwa nini wamefungwa, na hoja yako nitawasomea siku ya kwanza.

@BabaZuhura_Ujiji swali moja limebaki. Mrushaji wangu ana miaka 16, anataka kurusha kila siku, akipumzishwa ananuna. Wao wenye mechi kila siku wanafanyaje?

BabaZuhura_Ujiji (Kigoma):

Wanazungusha. Timu ina warushaji watano wa kuanzisha mechi, wakati mwingine sita, kila mmoja anasubiri siku nne au tano kabla ya kurudi. Hao wengine wanaoingia kumalizia wanarusha mipira michache zaidi kwa siku. Kwa hiyo Giants wakicheza Jumatano na Yankees, aliyeanza siku hiyo usimtafute wikiendi. Waambie watoto waandike jina la mrushaji kando ya matokeo, wataona mzunguko wenyewe.

Kwa kijana wako fuata mwongozo wa Wamarekani kwa umri wa miaka 15 na 16: asizidi mipira 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45 apumzike siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, akifika 76 siku nne kamili. Hesabu mpe huyo binti wa kidato cha tatu aishike, na akisema mrushaji atoke, umtoe.