Zamu ya usiku Iyunga na daladala zinazokoma mapema: sera gani ingefaa?

Mzazi, Uyole
Habari za kazi, ndugu zangu. Binti yangu ameajiriwa kiwandani Iyunga, hapa jijini Mbeya, katika zamu inayotoka saa nne usiku. Saa hiyo daladala za Uyole huwa zimekwisha, au zinaishia Mwanjelwa, na bodaboda ya kutoka pale hula sehemu kubwa ya ujira wake wa siku. Mwenzake ameshaacha kazi kwa sababu hiyo. Nafurahia barabara kuu kupanuliwa kuwa njia nne kati ya Uyole na Ifisi, lakini itamfaa nini mfanyakazi ikiwa usiku haina gari? Serikali ifanye nini?

Dereva wa zamani, Mwanjelwa
Pole sana, mzazi mwenzangu. Kiini ni hesabu ya tajiri. Dereva humpelekea mwenye gari kiasi kilekile kila siku, mafuta ni juu yake, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda. Akibeba abiria sita usiku kutoka Iyunga hadi Uyole, kisha arudi mtupu, hapati hata pesa ya mafuta. Ndiyo maana hukatisha ruti Mwanjelwa na kulaza gari. Ukimpiga faini tu, kesho atalaza mapema zaidi. Ningependa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, itoe leseni inayotaja saa pamoja na njia, wamiliki wapokezane zamu za usiku, na halmashauri iwasamehe ushuru wa stendi wanaozifanya.

Mshauri wa masuala ya kazi, Iringa
Naunga mkono, ila mwajiri asiachwe nje. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kinampa mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku. Nyongeza hiyo, kwa mishahara yetu, haitoshi bodaboda, na kifungu hakitaji usafiri. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya mwaka 1997, kazi ya usiku hairuhusiwi ikiwa hakuna usafiri kati ya nyumbani na kazini zamu inapoanza na inapokwisha. Tungekuwa na sharti hilo, viwanda jirani vya Iyunga vingechangia basi moja.

Mzazi, Uyole
Ahsanteni. Nianzie wapi?

Dereva wa zamani, Mwanjelwa
Anzia LATRA CCC, baraza la watumiaji wa usafiri wa ardhini. Andikeni barua inayotaja kituo, saa na idadi ya wanaokwama, na msaini wengi.