Cheti cha makro kimebakisha siku 12, faili la Excel litagoma?

Bandarini_Lamu
Wadau, salaam. Ofisi ina kompyuta 6: nne hapa mjini Lamu, mbili ng'ambo Mokowe. Hesabu za nauli na mizigo ya boti zimo kwenye faili la .xlsm, na makro zake (programu ndogo zilizo ndani ya faili) zina saini ya cheti tulichojitengenezea kwa SelfCert, zana ya Office. Mashine zote zimewekwa zikubali makro zenye saini tu. Cheti kinaisha baada ya siku 12. Nikitengeneza kingine chenye jina lilelile, zitakitambua?

FundiWaShela
Hazitakitambua. Windows haiangalii jina, inaangalia alama ya kidole ya cheti (namba inayokokotolewa kutoka kwenye cheti chenyewe), na kila cheti kina yake. Na faili litagoma kweli ikiwa saini haina muhuri wa muda, yaani uthibitisho wa seva ya nje kwamba saini ilitiwa cheti kikiwa hai. Excel haiweki muhuri huo mpaka uiambie.

Kwenye mashine ya kutia saini, fungua PowerShell:

New-SelfSignedCertificate -Type CodeSigningCert -Subject "CN=Makro za Ofisi B" -CertStoreLocation Cert:\CurrentUser\My -NotAfter (Get-Date).AddYears(5)

Usiache -NotAfter, la sivyo utapata mwaka 1 tu na mwakani utarudi hapa hapa.

Sasa fungua regedit (kihariri cha rejista ya Windows), nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\VBA\Security. Kama Security haipo, iunde. Ndani yake weka String iitwayo TimeStampURL yenye http://timestamp.digicert.com, kisha DWORD mbili: TimeStampRetryCount 3 na TimeStampRetryDelay 5. Funga Excel, ifungue tena.

Kabla ya kugusa saini, sambaza cheti. certmgr.msc, Personal, Certificates, Export, bila ufunguo wa siri (ndio unaotia saini), upate faili la .cer. Kitie kwenye flashi, cha Mokowe kivuke na boti ya asubuhi. Kila mashine ikiingize mara mbili: Trusted Root Certification Authorities, na Trusted Publishers. Wengi huweka ya kwanza tu wakashangaa. Chagua Local Machine ili kila mtumiaji wa mashine hiyo akipate. Utahitaji nywila ya msimamizi.

Mwisho ndio Alt+F11, Tools, Digital Signature, Choose, cheti kipya, kisha Save. Intaneti iwepo wakati huo wa Save.

mkaa_langoni
Si rahisi kurudisha saa ya kompyuta nyuma tu?

FundiWaShela
Hapana bwana. Tarehe za hesabu zitaharibika, na kivinjari kitaanza kukataa vyeti vya tovuti za https. Ila umenikumbusha jambo: mashine kuukuu ambayo betri yake ya CR2032 imekufa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, na cheti kipya huonekana hakijaanza kutumika. Angalia saa kabla ya kulaumu cheti.

Malindi_Makro
Naongezea moja. Mtu wa Mokowe akibadilisha msimbo hata mstari mmoja akahifadhi, saini inatupwa, kwa sababu ufunguo wa siri hauko kwake. Weka nywila: VBAProject Properties, Protection, Lock project for viewing. Kujaza seli za kawaida hakuna shida.

Cheti cha kununua msikifikirie kwa mashine 6. Tangu Juni 2023 ufunguo wake lazima ukae kwenye kifaa maalum, kama tokeni ya USB, na vyeti vinavyotolewa kuanzia Machi 2026 havizidi siku 460.

Bandarini_Lamu
Shukran sana. Cha zamani nikifute lini?

FundiWaShela
Subiri nakala zote zitiwe saini upya, pamoja na zile za hifadhi. Fungua moja moja kwenye mashine ya Mokowe; isipotoa mstari wa onyo wa njano na vitufe vikafanya kazi, hiyo imepita.