"Indefinitely" ni milele? Naombeni msaada, ni barua ya kaka

kibatari:
Wakuu, habari za jioni. Kaka yangu kapewa barua ya Kiingereza kazini, imeandikwa "suspended indefinitely". Mama hajui Kiingereza, akaniomba nimsomee. Nikamwambia kaka kasimamishwa kazi milele. Tangu juzi mama hali vizuri, na mimi sina hakika kama nilitafsiri sawa. Neno hili maana yake hasa ni nini?

mwalimu mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Milele siyo, hiyo ni "forever". Ndani ya neno lako kuna "definite", yaani kilichowekewa mpaka, na "in" ya mbele inakanusha. Mwisho haujapangwa, basi. Huenda wakamwita wiki ijayo, huenda wasimwite kabisa. Neno lenyewe halisemi. Redio zetu zina tafsiri nzuri ya siku nyingi: chuo kimefungwa kwa muda usiojulikana. Na vyuo hivyo hufunguliwa. Kamwambie mama leo hii.

mbeba maboksi:
Mwalimu yuko sahihi. Huku Uingereza kuna kibali cha mgeni kuishi nchini, kinaitwa "indefinite leave to remain". Hakina tarehe ya mwisho, lakini ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo, kwa kawaida kinakufa. Nawasihi ndugu wanaorudi nyumbani kujenga wasidhani ni cha maisha.

binti wa pwani:
Mbona asali wanasema "keeps indefinitely"? Hapo si milele?

mwalimu mstaafu:
Hapo sema tu haiharibiki, ikifunikwa vizuri. Muda usiojulikana kwenye asali utamtisha mnunuzi. Ila msilichanganye na "infinitely". Mtu akiandika "infinitely better" anasema bora mno, hazungumzii muda.

mzee wa shifti:
Kibatari, kusimamishwa siyo kuachishwa. Kaka aulize kwa maandishi: anachunguzwa kwa kosa gani, mshahara unaendelea, na atajibiwa lini? Kama barua haina tarehe, aiombe hiyo tarehe. Atunze nakala ya kila kitu.

kibatari:
Asanteni sana. Kaka anaandika barua usiku huu. Mama nimempigia, nikamwomba radhi, nikamweleza ni muda usiojulikana. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo wanaweza kumwita?" Nikasema wanaweza. Kasema kesho nikamsomee tena barua yote, polepole.