Kigoda, warsha au Siku ya Kiswahili: muhula huu niende wapi pale Mlimani?

kijana_wa_Changanyikeni

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma sosholojia. Mwaka wa kwanza wote nilipita kwenye mbao za matangazo kichwa chini. Darasani, kafeteria, chumbani, basi. Sasa wenzangu kwenye semina wanataja mambo waliyoyasikia ukumbi wa Nkrumah, mimi nabaki kuwatazama. Imeniuma.

Muhula huu nataka nichague mambo mawili tu, kwa sababu siku tatu kwa wiki namsaidia dada dukani kuanzia saa kumi jioni. Nimeona haya: mihadhara ya Kigoda cha Mwalimu Nyerere (kiti cha uprofesa cha chuo chenye jina lake), ambayo wakati wake wa kawaida ni Aprili, mafunzo ya maktaba ya kutafuta makala na kupanga marejeleo, warsha ya SPSS, ile programu ya takwimu, ya siku mbili huko mjini, ina kiingilio na cheti, Wiki ya Utafiti na Ubunifu, na Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai. Mliowahi kuhudhuria, nilinganishieni. Msiniambie niende kote, sitaweza.

binti_wa_Kamachumu

Maktaba. Mimi ni finalisti, mwaka wa mwisho, na nakwambia kama mdogo wangu.

Mwaka wa pili nilikuwa natafuta makala kwenye Google, nikikuta inadai dola thelathini nafunga, naenda kuokoteza kwenye desa, yaani notsi za kurithishana, la mwaka juzi. Nilipoingia kwenye yale mafunzo ndipo nikajua kwamba nyingi ya makala hizo hizo tunazipata bure tukipitia maktaba ya chuo. Bure! Nilitamani kulia nikikumbuka kazi nilizoandika bila kusoma chochote cha maana.

La pili ni Zotero, programu ya kupanga marejeleo. Mwaka wa tatu utaandika utafiti. Kuna wenzangu walikesha usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, wanapanga majina ya waandishi kwa mkono, huyu jina la ukoo mbele, yule mwaka umesahaulika. Mimi nilibonyeza mara moja orodha ikajipanga. Na ukumbuke kwamba ukisahau kutaja chanzo, nia yako haiulizwi, inahesabika umeiba.

Hakuna cheti, hakuna bahasha ya posho. Unakaa mbele ya kompyuta, unafanya kwa mkono wako, ukikwama unaita mtu. Hilo jengo jipya la maktaba lililofunguliwa 2018 halikujengwa ili tukajisomee desa ndani ya kiyoyozi.

mzee_wa_Msewe

Binti amesema kweli, sipingi. Ila mafunzo ya maktaba yanarudi, ukiyakosa mwezi huu utayapata mwingine. Kigoda hakiko hivyo.

Kijana, nikupe historia kidogo ujue unachokichagua. Kigoda kilianzishwa 2008, mshika kigoda wa kwanza akawa Profesa Issa Shivji. Aprili 2009 mihadhara ya kwanza ikatolewa na Wole Soyinka, mshindi wa Nobeli ya fasihi ya 1986. Mwaka uliofuata akaja Samir Amin, mwanauchumi kutoka Misri. Baada ya Shivji, kigoda kikashikwa na Profesa Penina Mlama, ambaye sisi tuliosoma tamthilia shuleni tunamjua kwa jina la Penina Muhando. Aprili ilichaguliwa kwa sababu Mwalimu alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922.

Na usichanganye na 14 Oktoba. Hiyo ni siku aliyofariki, 1999, na ni sikukuu ya taifa. Ofisi zinafungwa, macho ya nchi yanakuwa kwenye kilele cha Mwenge, na mara nyingi Mlimani wanafunzi wengi hawajarudi. Ni siku ya kumkumbuka Mwalimu, na inastahili. Lakini ukitaka kubishana juu ya mawazo yake, Aprili ndiyo chuo kimejaa.

Samir Amin aliaga dunia 2018. Nilimsikia pale Nkrumah, nimekaa sakafuni kwa sababu viti vilikwisha. Nilikuwa nimeshamaliza chuo, niliomba ruhusa kazini. Sitaki kusema nilielewa kila kitu. Nilielewa kwamba mtu mzima wa umri ule, aliyesoma maisha yake yote, alikuwa bado anaulizwa maswali na mtoto wa mwaka wa kwanza na anayajibu kwa heshima, hoja kwa hoja. Hilo sijaliona mahali pengine.

fundi_takwimu

Nizungumzie hiyo SPSS, maana nisipoongea nitakuwa nimekukosea.

Nililipia warsha ya namna hiyo miaka miwili iliyopita. Waandaaji siwataji. Tulikuwa ukumbi mzima, projekta moja, mkufunzi mmoja anabonyeza haraka na sisi tunaandika kwenye daftari majina ya vitufe. Siku mbili. Kompyuta yangu sikuifungua hata mara moja kwa sababu data ya mazoezi hatukupewa. Cheti nilipewa, kizuri, kina muhuri. Niliporudi chumbani kufungua programu sikujua nianzie wapi, na hela ile nilikuwa nimeitoa kwenye bumu, yaani mkopo wa chuo, la chakula. Nilisikitika sana, si kwa hela tu, kwa sababu nilikuwa nimeenda na hamu ya kweli ya kujifunza.

Kabla hujalipa popote waulize: mnakuwa wangapi kwa mkufunzi mmoja? Nakuja na kompyuta yangu? Data ya mazoezi mnatoa? Nikiwa na dodoso langu mtalitazama? Wakianza kukujibu habari za cheti na chakula cha mchana, achana nao. Warsha ni mahali pa kukosea mbele ya anayejua, akakurekebisha. Kama hukosei chochote siku nzima, umeenda kwenye mhadhara wenye kiingilio.

Zaidi ya hapo, wewe ni mwaka wa pili na data huna. SPSS utaielewa utakapokuwa na dodoso zako mkononi.

binti_wa_Kamachumu

@fundi_takwimu pole sana kaka. Na asante kwa kuyasema hayo maswali, nayanakili.

Kaskazi

Salamu kutoka Mombasa. Miye si wa Mlimani ila nafundisha Kiswahili, na hiyo 7 Julai naona mwaipita haraka.

UNESCO iliitangaza Novemba 2021, ikaadhimishwa mara ya kwanza 2022. Tarehe yenyewe imetoka kwenu: 7 Julai 1954, siku TANU ilipoundwa, ikakichukua Kiswahili kuwa chombo cha kuwaunganisha watu. Na mahali penyewe mwapo napo si haba. Kamati ya lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili ndiyo iliyokuja kuwa taasisi ya uchunguzi wa lugha hapo chuoni 1964, tukaijua kwa jina la TUKI, na tangu 2009 ni TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kamusi tulizozitumia sisi huku Pwani shuleni zilitoka hapo. Mwanafunzi kuishi hatua chache kutoka mlango ule asiingie hata siku moja, mwanangu, haifai.

mzee_wa_Msewe

Kaskazi umenena. Kikwazo ni kalenda tu. Huku 7 Julai ni Sabasaba, sikukuu, nusu ya jiji iko viwanjani barabara ya Kilwa. Na mara nyingi Julai wanafunzi wako kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula, au wanafunga mabegi. Kijana akisema atahudhuria siku hiyo ataahidi asichoweza. Ila anaweza kwenda TATAKI siku ya kawaida kusikiliza wanafunzi wa uzamili wanapowasilisha kazi zao. Aombe tu ruhusa ya kukaa nyuma.

Kaskazi

Hilo nalikubali. Tena huenda likamfaa zaidi kuliko sherehe. Sherehe ina ngonjera na hotuba ya mgeni rasmi, na mimi nazipenda, lakini kule kwenye uwasilishaji ndiko neno moja laweza kubishaniwa nusu saa nzima.

kijana_wa_Changanyikeni

Nawashukuru sana. Shikamoo mzee, shikamoo mwalimu. Nimekuwa nikisoma majibu yenu nikiwa dukani.

Mzee, nina jambo linalonitatiza kuhusu Kigoda. Mihadhara mingi ni Kiingereza kizito. Nikielewa nusu, je? Na swali nitauliza vipi mbele ya maprofesa wote wale?

mzee_wa_Msewe

Marahaba. Swali zuri, na wengi hawaendi kwa sababu hiyo hiyo lakini hawasemi.

Ukishajua anayekuja ni nani, nenda maktaba usome makala yake moja. Moja tu. Andika mistari mitatu: anasema nini, wapi sikubaliani, wapi sijaelewa. Ukiingia ukumbini na mistari hiyo, hata Kiingereza kikikupita, utashika kamba. Ambaye hajasoma chochote anapotea hata kikizungumzwa cha kwao.

Na uliza kwa Kiswahili. Nimewaona watu wakisimama pale wakauliza kwa Kiswahili, mwenyekiti akamtafsiria mgeni, na ukumbi ukapiga makofi. Ule ukumbi ulikuwa kwenye noti yetu ya shilingi 500 kabla hatujaletewa sarafu. Nchi iliuchora kwenye hela inayoshikwa na muuza mchicha. Hakuna wa kukuambia lugha ya muuza mchicha haiingii humo.

fundi_takwimu

Wiki ya Utafiti na Ubunifu hatujaigusa. Kwa kifupi, haihitaji kuchaguliwa. Ni maonyesho, unapita kati ya kipindi na kipindi, unasimama kwenye meza mbili tatu, unauliza wanafanya nini. Tafuta meza za watu wa sayansi za jamii, uone mtu wa fani yako aligeuzaje tatizo la mtaani kuwa swali la utafiti. Dakika arobaini zinatosha, na huenda ukatoka na wazo la mwaka wa tatu.

kijana_wa_Changanyikeni

Basi nimeamua. SPSS naiacha mpaka niwe na dodoso. Maktaba naanza nayo, halafu Kigoda, na hivi viwili nimeona vinashikana: nikijua kutafuta makala ndipo nitaweza kusoma ya mgeni kabla hajaja. Utafiti na Ubunifu nitapita mchana. Mwalimu Kaskazi, TATAKI nitakwenda siku ya kawaida, nimeandika kwenye daftari. Nimeongea na dada, amenipa ruhusa wiki nzima ya Kigoda, nitamfidia Jumapili.

binti_wa_Kamachumu

Hongera mdogo wangu. Zotero ipakue nyumbani kabla hujaja, mkiwa wengi mtandao unakuwa mzito na nusu ya kwanza inaisha mnasubiri. Uje na anwani yako ya barua pepe ya chuo na nywila unayoikumbuka. Na Nkrumah wahi. Kama tangazo linasema saa nne, saa tatu na nusu uwe umeshakaa, safu za katikati, karibu na kipaza sauti cha maswali.